Moshi wa Montevideo: sinema za habari za mwanzo wa Vita Kuu ya Pili zilionyesha nini

Jioni ya tarehe 17 Desemba 1939, manowari ya Ujerumani iitwayo Admiral Graf Spee iling'oa nanga katika bandari ya Montevideo, Uruguay, ikatoka taratibu kuelekea maji ya nje. Ufukweni watu walikuwa wamejazana kuitazama. Mabaharia wake walihamishiwa kwenye vyombo vingine, na muda mfupi baadaye meli ikalipuka. Kapteni wake, Hans Langsdorff, aliamua kuizamisha kwa mkono wake kuliko kuipeleka mbele ya mizinga ya Waingereza, ambao aliamini wanamngoja kwa wingi huko nje. Wapiga picha wa sinema walikuwa tayari. Moto, moshi mweusi na mlingoti ulioinama viliingia kwenye mkanda, na mkanda ukasambaa duniani.

Watu walioketi kwenye majumba ya sinema ya Uingereza na Marekani walipouona moshi ule walitoka wakiamini wameyaona Mapigano ya River Plate. Hawakuyaona. Mapigano yalikuwa yamepiganwa siku nne kabla, tarehe 13 Desemba, baharini, kati ya Graf Spee na meli tatu: Exeter, Ajax na Achilles. Ndani ya Exeter peke yake walikufa watu 61. Kampuni za habari hazikuwa na mtu ndani ya meli hizo. Kilichobaki kwa watazamaji ni mwisho wa kisa, moto unaowaka juu ya meli tupu, na mwezi Februari 1940 mabaharia walionusurika wakipita kwa gwaride mjini London mbele ya Mfalme George wa Sita. Ushindi mkubwa wa kwanza wa Waingereza baharini katika vita ile uliingia katika kumbukumbu za watu kwa moshi na gwaride.

Kwa watu wa pwani yetu, meli hiyo haikuwa hadithi ya mbali. Mwezi mmoja kabla ya Montevideo, tarehe 15 Novemba 1939, Graf Spee ilikuwa katika Bahari ya Hindi, na karibu kabisa na ufuko wa Msumbiji iliizamisha meli ndogo ya mafuta iitwayo Africa Shell.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndani yake limo fundo zima ninalotaka kulifungua. Mwaka 2014 kampuni ya British Pathé iliweka filamu zake zipatazo 85,000 kwenye YouTube, na tangu hapo vipande vya vita vile vimekuwa vikizunguka kwenye simu zetu. Mtu akikutumia kimoja, swali la kwanza huwa: hii ni kweli au ya kutunga? Swali hilo ni jepesi mno. Picha ya Graf Spee ikiungua ni ya kweli, kila sentimita yake. Lakini picha ya kweli inaweza kubeba habari isiyo sahihi, na njia zake ni nyingi: wakati ilipopigwa, kilichowekwa kabla na baada yake, sauti iliyobandikwa juu yake, na kile ambacho hakikuruhusiwa kukaa kando yake.

Dakika kumi kabla ya picha kubwa

Kwanza tujue chombo chenyewe. Filamu za habari hazikuzaliwa na vita hivyo. Charles Pathé alianza kuzitoa Ufaransa kabla ya 1910, na mwaka 1910 toleo la Uingereza likaanza. Kufikia 1939 Uingereza ilikuwa na kampuni tano: Pathé Gazette, Gaumont British News, British Movietone News, British Paramount News na Universal News. Kila moja ilitoa toleo jipya mara mbili kwa wiki, la dakika kama kumi hivi, na toleo hilo lilionyeshwa kabla ya filamu kubwa iliyowaleta watu. Tiketi za sinema zilizouzwa kwa wiki moja nchini humo zilikuwa takriban milioni 19. Televisheni ya BBC, iliyokuwa bado changa, ilizimwa tarehe 1 Septemba 1939. Hivyo, mtu aliyetaka kuiona vita ikitembea hakuwa na pa kwenda ila sinema.

Mpiga picha alibeba kamera ya kujazwa kwa ufunguo kama saa ya ukutani. Kamera maarufu ya Eyemo ilichukua mkanda wa futi 100, yaani dakika moja na ushei, kisha ilibidi afungue na kuweka mwingine. Fikiria hilo linamaanisha nini vitani. Bomu halingoji mtu abadilishe mkanda. Ndiyo maana filamu hizo zimejaa matayarisho na matokeo: mizinga ikijazwa, ndege zikiruka, nyumba zikiwa vifusi, majeruhi wakibebwa. Tukio lenyewe hukosekana mara nyingi.

Jambo lingine ambalo wengi wetu hatulifikirii ni kwamba mikanda mingi ilipigwa bila sauti. Vifaa vya kunasa sauti vilikuwa vizito, vikibebwa na gari maalumu, na havikufika mstari wa mbele. Mlio wa mzinga unaousikia ulitoka kabatini, katika maktaba ya sauti za studio, ukabandikwa pamoja na muziki na maneno ya msimulizi. Wasimulizi hawa walijulikana kwa sauti zao kama watangazaji wa mpira wanavyojulikana leo: Leslie Mitchell wa Movietone, E. V. H. Emmett wa Gaumont, Bob Danvers-Walker wa Pathé. Hawakuwa vitani. Walikuwa studio, wakisoma karatasi huku picha zikipita.

Na utiifu kwa serikali haukuanza na vita. Septemba 1938, wakati wa mgogoro wa Czechoslovakia, Paramount ilitoa toleo lenye waandishi wawili, Wickham Steed na A. J. Cummings, wakikosoa siasa ya Waziri Mkuu Neville Chamberlain ya kumbembeleza Hitler. Serikali ilimwendea balozi wa Marekani, Joseph Kennedy, kwa kuwa kampuni mama ilikuwa ya Kimarekani, na sehemu hiyo ikaondolewa. Kisheria filamu za habari hazikupitia hata bodi ya kukagua filamu. Simu moja na neno moja la chini kwa chini vilitosha.

Vita bila picha

Tarehe 3 Septemba 1939 Uingereza ilitangaza vita, na siku hiyohiyo serikali ikafunga majumba yote ya sinema kwa hofu kwamba bomu moja lingeua mamia ndani ya ukumbi. Mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw aliandika kwenye gazeti la The Times kuulaumu uamuzi huo kwa ukali. Mabomu hayakuja, na ndani ya majuma mawili kumbi nyingi zilikuwa zimefunguliwa tena.

Lakini zionyeshe nini? Poland ilikuwa inateketea, na kamera za Waingereza hazikuwapo huko. Upande wa magharibi majeshi yalikaa yakitazamana, kipindi ambacho Wafaransa walikiita vita vya ajabu. Kampuni zilijaza dakika zao kwa watoto waliohamishwa mijini, watu karibu milioni moja na nusu pamoja na mama na walimu, wakiwa na vinyago vya gesi vinaning'inia shingoni. Mifuko ya mchanga mbele ya majengo. Maputo makubwa ya kuzuia ndege za adui juu ya London. Waimbaji wakiwatumbuiza askari Ufaransa. Jeshi la Uingereza lilipeleka Ufaransa mpiga picha rasmi mmoja tu wa filamu, Harry Rignold. Mmoja, kwa jeshi zima.

Katika ukame huo Finland ikawa mvua. Wasovieti waliivamia tarehe 30 Novemba 1939, na kwa miezi mitatu na nusu watazamaji wakaona vita halisi hatimaye: askari waliovaa mavazi meupe wakiteleza kwa ski kwenye theluji, vifaru vilivyokwama msituni, maiti zilizoganda. Zilikuwa picha nzuri mno kwa mhariri, na zilimpa mtazamaji wa Uingereza hisia kwamba mdogo anamshinda mkubwa. Machi 13, 1940 Finland ilikubali masharti ya amani na kuachia sehemu ya ardhi yake. Aliyekuwa amezoea kushangilia kila wiki hakuwa ameandaliwa kwa hilo, na hapa ndipo unapoona udhaifu wa filamu hizi kuliko mahali pengine popote: zilijua kuonyesha ushujaa, hazikujua kuonyesha hesabu. Idadi ya watu, ya risasi, ya mizinga, vitu vinavyoamua vita, havipigiki picha.

Wakati huo kulikuwa na kundi la watafiti liitwalo Mass-Observation, lililoanzishwa 1937, ambalo watu wake waliketi gizani wakiandika nani kapiga makofi, nani kacheka, nani kanyamaza. Ripoti zao zinaonyesha watu wakizidi kuchoshwa na filamu za habari kadiri miezi ilivyokwenda. Mtazamaji alikuwa mwerevu kuliko alivyodhaniwa. Alijua kwamba meza ya chakula haiandaliwi kwa sahani tupu.

Wapiga picha waliovaa sare

Ujerumani ilikuwa imejipanga tofauti kabisa. Wizara ya Joseph Goebbels na jeshi waliunda kampuni za propaganda, yaani vikosi vya wanajeshi waliofunzwa bunduki na kamera kwa pamoja. Walikaa ndani ya vifaru, ndani ya ndege za kushambulia, mbele kabisa. Wengi walikufa. Mikanda yao ilipelekwa Berlin haraka, ikakatwa na kuunganishwa, na Goebbels aliikagua mwenyewe. Juni 1940 filamu mbalimbali za habari za nchi hiyo ziliunganishwa kuwa moja, Die Deutsche Wochenschau, na urefu wake ukapanda hadi, mara nyingine, dakika 40. Matoleo ya lugha za kigeni yalisafirishwa kwenda nchi nyingine.

Ukizitazama bila kujua historia, hizi zinaonekana "za kweli" zaidi kuliko za Waingereza, kwa sababu kamera iko karibu. Hapo ndipo mtego ulipo. Ukaribu si ukweli. Kamera iliyo ndani ya ndege inayoshuka juu ya Warsaw inaona jiji kama ramani yenye vumbi. Chini kwenye ramani hiyohiyo, Septemba 1939, alikuwepo Mmarekani Julien Bryan na kamera yake, akipiga picha za foleni za mkate, hospitali iliyobomolewa, na wanawake waliopigwa risasi na ndege wakichimba viazi shambani. Alitoka Warsaw tarehe 21 Septemba, na mwaka uliofuata Wamarekani wakaziona picha zake. Jiji moja, mwezi mmoja, kamera mbili. Ya juu ilionyesha kazi iliyofanywa vizuri, ya chini ilionyesha waliofanyiwa.

Picha hizo za juu ziligeuzwa silaha hata nje ya sinema. Tarehe 5 Aprili 1940 balozi wa Ujerumani mjini Oslo, Curt Bräuer, aliwaalika wakubwa wa Norway kutazama filamu ya jinsi Poland ilivyopigwa kwa mabomu. Siku nne baadaye Ujerumani ikaivamia Norway.

Kulikuwa na ya kupanga pia, na ni vizuri kuitenga na mengine. Ile picha maarufu ya askari wa Kijerumani wakisukuma kizuizi cha mpakani huko Sopot, wamejipanga vizuri, wengine wakitabasamu, iliandaliwa kwa ajili ya kamera. Na kisa cha wapanda farasi wa Poland kushambulia vifaru kwa mikuki kina asili yake Krojanty, tarehe 1 Septemba 1939. Huko wapanda farasi waliwavamia askari wa miguu na kuwatawanya, kisha wakakatwa na bunduki za magari ya deraya. Waandishi wa habari walioletwa baadaye waliona mizoga ya farasi na vifaru vilivyokwisha kufika, wakajumlisha. Mwaka 1941 filamu moja ya kuigiza ya Kijerumani ilitunga tukio hilo kwa waigizaji, na tangu hapo vipande vyake vimekuwa vikiingizwa katika makala za televisheni kana kwamba ni habari. Nimewahi kuona watu wazima, wasomi, wakibishana kwa ushahidi wa picha hizo.

Washirika nao walikata na kuunga. Juni 1940, Hitler alipopata habari kwamba Ufaransa imeomba vita visimame, alinyanyua mguu na kuupiga chini kwa furaha. Mara moja. Wahariri wa upande wa pili waliurudia mguu ule juu, chini, juu, chini, hadi akaonekana anacheza ngoma. Mamilioni walikufa wakiamini walimwona Hitler akicheza. Hakuna sehemu hata moja ya mkanda ule iliyochorwa au kuigizwa. Ni marudio tu.

Dunkirk, na meli isiyotajwa

Kati ya tarehe 26 Mei na 4 Juni 1940, wanajeshi 338,226 walivushwa kutoka Dunkirk. Pathé ilikuwa na mpiga picha wake huko baharini, Charles Martin, na mkanda wake ni miongoni mwa vitu vya thamani vilivyobaki: misururu ya watu majini, moshi wa matangi ya mafuta nyuma yao, sitaha zilizofurika vichwa. Picha nyingine nyingi za wiki ile zilipigwa upande wa Uingereza, kwenye bandari na stesheni za reli. Askari wachovu wananyanyua kidole gumba, akina mama wanawapa chai na mikate. Msimulizi anazungumza kwa sauti ya ushindi.

Sitaki kuzibeza picha hizo. Vijana wale kweli walikuwa wamerudi na furaha ile haikuigizwa. Ila jeshi lilikuwa limeacha Ufaransa karibu mizinga yake yote na maelfu kwa maelfu ya magari, na makumi ya maelfu ya wanajeshi wa Ufaransa walikamatwa ufukweni. Kidole gumba kilikuwa cha kweli, na kilifunika mengine yote. Ukweli mdogo uliwekwa mbele ya mkubwa ukauziba, kama mkono unavyoweza kuliziba jua.

Kisha kuna kile kisichoonekana kabisa. Tarehe 17 Juni 1940, mbele ya Saint-Nazaire, ndege za Ujerumani ziliizamisha meli ya Lancastria ikiwa imewabeba wanajeshi na raia waliokuwa wakiondolewa Ufaransa. Walikufa maelfu. Hakuna meli ya Uingereza iliyowahi kuzama na watu wengi kiasi hicho. Serikali ilizuia habari hiyo isichapishwe, na wananchi hawakuijua hadi mwishoni mwa Julai, baada ya gazeti la New York kuitoa. Kwenye sinema, wiki tano zile zilipita na vichekesho, katuni na filamu za habari, na meli ile haikuwamo. Mtafiti anayejaza daftari lake kwa kilichoonyeshwa asipofungua ukurasa wa pili wa kisichoonyeshwa, atatoka na vita nyingine.

Waswahili husema macho hayana pazia. Macho hayana, lakini sinema inalo, tena la velveti, na kuna mtu kando anayelivuta.

Kwa Dunkirk kuna fundo moja la mwisho, na hili ni letu sisi watazamaji wa leo. Karibu kila makala ya video kuhusu Dunkirk inaweka picha za ufukwe na juu yake sauti nzito ya Winston Churchill akisema kwamba watapigana ufukweni, mashambani na mitaani. Hotuba hiyo aliitoa bungeni tarehe 4 Juni 1940, na bungeni hakukuwa na mashine ya kurekodi. Jioni ile msomaji habari wa BBC alisoma sehemu zake redioni. Sauti ya Churchill tunayoisikia aliirekodi mwaka 1949, miaka minne baada ya vita kwisha. Mtazamaji wa Juni 1940 hakuisikia. Tunaposema "waliingiwa na moyo waliposikia sauti yake", tunawapa wazee wale kumbukumbu iliyotengenezwa baadaye. Vivyo hivyo kwa king'ora cha Stuka, ndege za Kijerumani za kushuka na kudondosha mabomu, ambacho sasa kinabandikwa kwenye kila ndege inayoanguka katika kila filamu, iwe ya Kijapani au ya Kimarekani.

Tarehe 5 Mei, mara mbili

Vita vilipofika upande wetu, filamu za habari zilikuja navyo. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, ikachukua Moyale mwezi uliofuata na Somalia ya Waingereza mwezi Agosti. Mwanzoni mwa 1941 majeshi yaliyo chini ya Jenerali Alan Cunningham yalitoka Kenya: Kismayu ilianguka tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25, Jijiga tarehe 17 Machi, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Ilikuwa safari ya kijeshi ya kasi kubwa, na waliosafiri walikuwa askari wa Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, pamoja na Wanigeria, watu wa Gold Coast na Wazungu wa Afrika Kusini. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ndiyo iliyovuka mto Awash kuelekea mji mkuu.

Kwa London hii ilikuwa neema. Ugiriki ilikuwa inapotea, Jenerali wa Kijerumani Rommel alikuwa anasonga mbele Libya, mabomu yalikuwa yakianguka juu ya miji ya Uingereza tangu Septemba. Hapa palikuwa na ushindi wenye jua, malori, bendera, na mfalme anayerudi nyumbani. Haile Selassie aliingia Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941. Tarehe hiyo ilichaguliwa. Tarehe 5 Mei 1936, miaka mitano kamili kabla, Marshal Pietro Badoglio aliingia mji huohuo kwa niaba ya Mussolini, na kamera za Istituto Luce, taasisi ya filamu ya serikali ya Italia, zilikuwa pale.

Weka mikanda hiyo miwili kando kwa kando. Mji mmoja, siku moja ya mwaka, umati barabarani, magari ya kivita yakiingia. Mwaka 1936 Waitalia waliambiwa kwamba ustaarabu umefika. Mwaka 1941 Waingereza waliambiwa kwamba uhuru umerudi. Mtu aliyesimama kandokando ya barabara hiyo siku zote mbili aliona kitu kingine tena, na hakuna msimulizi aliyemuuliza. Katikati ya tarehe hizo upo mkanda wa tatu, wa Juni 1936, Haile Selassie akisimama mbele ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule mjini Geneva huku waandishi wa Italia wakimpigia miluzi. Sinema za Ulaya zilimwonyesha. Dunia ilimwona, ikasikitika, ikaendelea na filamu kubwa.

Kwa askari wa Keya, filamu hizi zina kasoro inayonigusa mimi binafsi. Majenerali wanatajwa kwa majina, askari wanatajwa kwa kikosi. Unaona uso wa kijana mwenye kofia pana, labda wa Tabora, labda wa Kitui, akitazama kamera kwa sekunde mbili, na maneno yanayosomwa juu ya uso wake ni ya mtu mwingine.

Gari la sinema

Watu wetu waliziona wapi? Mijini, kwenye kumbi. Zanzibar ilikuwa na Royal tangu 1921. Vijijini, kwenye gari la sinema: jenereta, projekta, kitambaa cheupe kati ya miti miwili, na kijiji kizima chini.

Uingereza iliunda Colonial Film Unit mwaka 1939 ndani ya Wizara ya Habari, chini ya William Sellers, aliyekuwa ametengeneza filamu za afya huko Nigeria. Kabla ya hapo, kati ya 1935 na 1937, mradi mmoja uliokuwa na makao yake Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ulitengeneza filamu 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Sellers aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu yenye mikato ya haraka, hivyo zake ziende polepole, picha moja ikae muda mrefu, pasiwe na hila. Imani hiyo ilikuwa dharau, na kumbi za Zanzibar na Mombasa zilikuwa zimekwisha kuikanusha: watu walikuwa wakifuata filamu za Kihindi na Kimarekani kwa miaka mingi, wakizihadithia mitaani kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ila kuna jambo lililotokea kwenye gari lile ambalo halikutokea London. Filamu hizo zilikuja na maelezo yaliyoandikwa, lakini aliyeyasema alikuwa mkalimani aliyeshika maikrofoni kando ya gari, akizungumza Kiswahili au lugha ya mahali, picha ikiwa inakwenda. Yaani ile sauti iliyobandikwa studio Uingereza, huku ilitoka hai kinywani mwa mtu anayewajua waliokaa chini. Aliweza kufupisha. Aliweza kueleza manowari ni nini kwa mtu ambaye hajaona bahari, theluji kwa ambaye hajaiona theluji. Aliweza kuongeza neno lake. Kazi ile haikufa. Wanaowakumbuka wasimulizi wa vibanda vya video, kama Lufufu wa Tanzania, au wanaomsikiliza DJ Afro wa Kenya, wanajua namna sauti moja inavyoweza kuichukua filamu ya wengine na kuifanya kisa kipya.

Maneno mengi ya wakalimani wale yalipita na usiku. Mikanda imebaki, imehifadhiwa kwenye maghala yenye baridi kwa sababu filamu ya zamani ya nitrati hushika moto upesi, na sasa iko kwenye simu. Meli inaungua Montevideo, malori yanavuka Awash, na mkalimani anangoja gizani mwendeshaji abadilishe mkanda, watoto wakimuuliza: na baadaye ikawaje?